Umejuaje? Hotuba kwa wanaoanza hisabati ya sekondari

(Nimeiweka hotuba hii yote kama nilivyoitoa mbele ya wanafunzi wapya na wazazi wao, kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani haimo. Panapohitaji mchoro, chukua karatasi uchore mwenyewe. Utaelewa zaidi hivyo.)

Wazazi wangu na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wanangu mnaoanza sekondari, hamjambo?

Nasikia sauti za wazazi zimezidi za wanafunzi. Sishangai. Ratiba mmeshaiona, na hisabati imejaa tele.

Nimeombwa niseme mtegemee nini kwenye darasa la hisabati. Nianze kwa kuwauliza ninyi. Wangapi humu wanaamini kwamba hisabati ya sekondari ni ile ile ya shule ya msingi, ila namba zimekuwa kubwa? Nyoosheni mikono, msione haya. Naam, wengi. Na hapo ndipo watu huanza kupotea, maana wanakaa wakisubiri namba kubwa, na namba kubwa haziji. Mtafungua kurasa nzima ambazo namba kubwa kuliko zote ni 12. Mtakutana na 2, na 3, na nusu, na hasi 1. Namba za kuhesabia vidoleni! Lakini jasho litawatoka.

Kwa nini? Kwa sababu swali limebadilika. Miaka yote hiyo mwalimu alikuwa anauliza: ni ngapi? Sasa atauliza: umejuaje?

Shikeni swali hilo, maana nitalirudia hadi mnichoke.

Orodha ya mada nitaipitia haraka, kwa sababu mtaikuta vitabuni. Kuna aljebra, kuna jiometri, kuna takwimu na uwezekano, baadaye trigonometria, na wengine mwishoni watagusa kalkulasi. Nchi nyingine huzitenga, mwaka mmoja aljebra na mwaka unaofuata jiometri. Nyingine huzichanganya zote tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Mpangilio usiwasumbue. Pembetatu haijui iko mwaka wa ngapi.

Twende kwenye mambo yenyewe.

Herufi zinakuja

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunisimamisha katikati ya kipindi, amekasirika kweli kweli. Akasema, "Mwalimu, x ni ngapi jamani? Jana ulisema ni 4. Leo unasema ni 7!" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu yule kijana ndiye pekee aliyekuwa amesikiliza. Alikuwa ameona jambo ambalo wenzake walilimeza bila kutafuna: hiyo x haina thamani ya kudumu. Inapewa kazi, inaimaliza, swali linalofuata inapewa nyingine.

Na kazi zake ni za aina mbili. Wakati mwingine x ni namba iliyojificha, na wewe umetumwa kuitafuta. Wakati mwingine hakuna kilichojificha: herufi inasimama badala ya namba zote kwa mpigo, ili useme jambo moja likazienea zote. Wanaochanganya kazi hizi mbili huteseka mwaka mzima. Kwa hiyo ukiona herufi, kabla hujashika kalamu jiulize: hii natafutiwa, au inasema habari ya namba zote?

Sasa nani alituletea balaa hili? Hebu turudi nyuma. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, mtaalamu aitwaye Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra. Kitabu chote hakina x hata moja. Kila swali limeandikwa kwa maneno matupu. Moja ya maswali yake mashuhuri linasema hivi, kwa lugha yetu: mraba, ukiuongezea mara kumi ya upande wake, unapata 39. Upande ni ngapi?

Mnaona namna linavyochosha kulisoma? Leo tunaandika x² + 10x = 39, basi. Hizo herufi mnazoziogopa zilikuja polepole, miaka mamia baadaye. François Viète alizipanga vizuri mwaka 1591, na mtindo huu wetu wa kuweka x, y na z kwa visivyojulikana tumeuzoea tangu kitabu cha René Descartes cha 1637. Zilikuja kuwapunguzia watu mateso. Niaminini.

Lakini tazameni alivyolitatua, kwa sababu mtaliona tena darasani, na mkilishika leo mtakuwa mmeokoa wiki nzima. Chora mraba wenye upande x. Eneo lake ni x². Sasa kuna ile 10x ya kuongeza. Igawe mara mbili upate vipande viwili, kila kimoja 5x: yaani mistatili miwili yenye urefu x na upana 5. Mmoja ubandike ubavuni mwa mraba, kulia. Mwingine ubandike chini. Umefika hapo? Sasa una umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja ya chini kulia ina pengo. Pengo hilo lina upande 5 kwa 5, yaani eneo la 25. Lizibe! Tulikuwa na 39, tumeongeza 25, tumepata 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande gani? Nane. Na hiyo nane ni x pamoja na 5. Basi x ni 3.

Hakikisheni: 9, jumlisha 30, ni 39. Imetimia.

(Mzazi mmoja hapo mbele ananong'ona kwamba kuna jibu la pili, hasi 13. Hongera mzazi. Lipo, na wanafunzi watalidaiwa. Al-Khwarizmi hakulihesabu, kwa kuwa alikuwa anapima pande za miraba, na upande hasi utauchora wapi?)

Nimekaa sana kwenye mchoro huu kwa sababu kosa ninaloliona kuliko yote kwenye madaftari linakufa papo hapo ukiukumbuka. Mwanafunzi anaambiwa afungue mabano ya (x + 5)², naye anaandika x² + 25. Mwaka wa kwanza anaandika hivyo. Mwaka wa mwisho bado wapo wanaoandika hivyo. Kwenye mchoro wetu, x² ni mraba mdogo na 25 ni ile kona. Je, mistatili miwili imekwenda wapi? Imetupwa! Jibu ni x² + 10x + 25. Na kama huna nafasi ya kuchora, weka namba. Chukulia x ni 1. Sita mara sita ni 36. Kwa njia ya yule mwenzetu, 1 na 25 ni 26. Hazilingani, kwa hiyo kuna kilichoharibika, na umekigundua mwenyewe kabla ya mwalimu.

Hiyo ndiyo maana ya umejuaje.

"Nimejaribu, inakubali" haitoshi

Jambo la pili litawaudhi hasa ninyi mliokuwa wa kwanza kwenye madarasa yenu. Mtaleta jibu sahihi, na mwalimu atawaambia halijatosha.

Nawapa mchezo. Chukua namba yoyote nzima kuanzia 0. Izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyo hiyo, kisha jumlisha 41. Kanuni hii inanasibishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi wa karne ya 18. Ukianza na 0 unapata 41. Ukianza na 1 unapata 43. Ukianza na 2 ni 47, na 3 ni 53. Zote ni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Jaribu 10: unapata 151, namba tasa. Jaribu 20, jaribu 30. Zote tasa. Jaribu 39: unapata 1601, tasa vile vile.

Sasa niambieni. Mtu akijaribu namba zote kuanzia 0 hadi 39, mara arobaini mfululizo bila kukosa, ana haki ya kusema kanuni hii hutoa namba tasa siku zote? Nani anasema anayo? ... Ndiyo, hata mimi ningeshawishika. Haya, jaribuni 40. Arobaini mara arobaini ni 1600, jumlisha 40, jumlisha 41. Ni 1681. Na 1681 ni 41 mara 41.

Imevunjika! Imetii mara arobaini, ikagoma mara ya arobaini na moja.

Ndiyo maana mwalimu wa jiometri hataridhika ukimwambia umepima pembe za pembetatu kwa kipimapembe ukapata 180. Jirani yako kapata 181, mwingine 179, na kila mmoja ana penseli butu. Umepima pembetatu ngapi? Tatu? Zilizobaki duniani umejuaje? Atakutaka uthibitisho: maelezo yanayobana kila pembetatu, hata ambayo haijachorwa.

Hilo linatisha mpaka ulione linavyofanyika. Nawapa dogo. Ukijumlisha namba mbili witiri, jibu huwa shufwa. Umejuaje? Kila witiri ni shufwa iliyozidi moja. Kwa hiyo ya kwanza ni 2a + 1, ya pili ni 2b + 1. Jumla yake ni 2a + 2b + 2, na hiyo inagawanyika kwa 2 bila salio, uitake usiitake. Mstari mmoja! Witiri zote zilizopo, hata zenye tarakimu milioni, zimeingia kwenye mstari mmoja. Hapo mnaiona ile kazi ya pili ya herufi niliyoitaja.

Na zoeeni kuwadai walimu wenu vile vile. Mkiambiwa hasi mara hasi ni chanya, ulizeni kwa nini. Brahmagupta wa India aliandika sheria hizo tangu mwaka 628, akizieleza kwa habari ya mali na madeni, na miaka elfu moja baadaye Descartes yule yule wa herufi alikuwa bado anayaita majibu hasi kuwa ya uongo. Kama yeye lilimtatiza, wewe mwenye miaka kumi na kitu una haki ya kuuliza. Mwalimu atakuandikia ubaoni: 2 mara hasi 2 ni hasi 4, 1 mara hasi 2 ni hasi 2, 0 mara hasi 2 ni 0. Kila hatua jibu linapanda kwa 2. Basi hasi 1 mara hasi 2 itakuwa nini, kama mpangilio usivunjike? Semeni kwa sauti. Ehee.

Wazazi, hapa niseme jambo kuhusu simu. Zipo programu ambazo mtoto anapiga picha swali, na jibu linatoka likiwa na hatua zake zote. Sitawaambia mzizime. Zipo na zitakuwepo. Mtoto akitumia kukagua kazi aliyokwisha kuifanya, namuunga mkono. Akinakili, mtamjua kwa urahisi. Mwekee kidole kwenye mstari wa tatu, umuulize: umejuaje? Si lazima wewe uwe unajua jibu. Utaona usoni mwake.

Mtakwama

La tatu. Mtakwama. Nalisema tena kwa walio nyuma: mtakwama. Utasoma swali, utalielewa kila neno, na hutajua pa kuanzia. Wenye kasi ndio huumia zaidi, maana hawajawahi kukaa na swali lisilofunguka. Nimemwona mtoto aliyekuwa akimaliza wa kwanza miaka yote, akakaa dakika tano mbele ya swali moja la aljebra, kisha akafunga daftari na kuniambia, "Mwalimu, nadhani akili yangu imeishia hapa." Dakika tano tu! Swali lenyewe alilitatua kesho yake, akiwa bado amenuna.

Nawasimulia habari ya baba mmoja. William Rowan Hamilton, wa Dublin, Ayalandi. Alikuwa bingwa, mwenye sifa Ulaya nzima. Alijua namna ya kuzidisha namba zinazokwenda jozi jozi, akataka njia ya kuzidisha zinazokwenda tatu tatu. Ikamshinda. Akahangaika nayo miaka. Baadaye alimwandikia mwanawe barua akimkumbusha kwamba, mapema mwezi Oktoba 1843, kila asubuhi akishuka kwenda kupata kifungua kinywa, wanawe wadogo walikuwa wakimuuliza: "Baba, unaweza sasa kuzizidisha?" Naye akitikisa kichwa kwa huzuni, akiwajibu kwamba hapana, kujumlisha na kutoa tu ndiko anakokuweza.

Hebu mpigieni picha. Bingwa wa hisabati, mbele ya watoto wake, kila asubuhi: bado.

Tarehe 16 Oktoba 1843 alikuwa akitembea na mkewe kandokando ya mfereji, akielekea mkutanoni. Ghafla akaona. Tatu hazitoshi, zinatakiwa nne, na ukishakubali nne lazima pia ukubali kwamba kuzidisha A kwa B kunaweza kutoa jibu tofauti na kuzidisha B kwa A. Alichomoa kisu akachonga kanuni yake kwenye jiwe la daraja. Leo hesabu hizo zinatumika kuelekeza vyombo vya angani na kugeuza picha ndani ya michezo ya kompyuta mnayoipenda.

Ninachotaka mkione hapa ni zile asubuhi za nyuma. Zile za "bado". Alikuwa hajakaa akisubiri bahati. Alikuwa anajaribu, inagoma, anajaribu njia nyingine. Na kukwama kwa kufanya kazi kuna namna yake. Chora. Weka namba ndogo mahali pa herufi. Andika unachokijua na unachokitafuta, kila kimoja mstari wake. Anza kutoka mwisho. Vyote vikikataa, liache swali, kalale, lirudie asubuhi. Kisha njoo kwa mwalimu ukiwa na hicho kilichogoma. Mwanafunzi anayesema "sijaelewa" nitamsaidia, ila itanibidi kwanza nichimbe. Anayesema "nimefika mstari huu, kisha sijui nifanye nini na hizi sehemu" nitamsaidia dakika hiyo hiyo.

Sehemu

Nimezitaja sehemu, na sikuzitaja kwa bahati mbaya. Wanaokuja kwangu wakilia kwamba aljebra imewashinda, mara nyingi nikiwakalisha nakuta aljebra haina kosa. Kilichowashinda ni sehemu, walizozivuka miaka ya nyuma kwa kukariri. Hisabati haina mlango wa pembeni: cha leo kinasimama juu ya cha jana.

Jaribuni hapo mlipo. Theluthi mbili jumlisha robo. Kichwani. Kama umepata 3/7, umejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, nawe una wenzako wengi. Ila tazama ulichokiandika. Theluthi mbili inazidi nusu. Umeiongezea kitu. Na 3/7 haifiki hata nusu! Umeongeza, ikapungua? Jibu ni 11/12, yaani 8/12 na 3/12, baada ya asili kuwa moja.

Aliyekosa asione aibu. Achukue wiki mbili hizi za mwanzo akarudie sehemu, namba hasi na utaratibu wa mabano. Nusu saa kwa siku inatosha. Hakuna mada ya sekondari itakayowasamehe mkizikwepa hizo tatu, hata uwezekano, ambao wengi hudhani ni mchezo wa kurusha sarafu.

Machache ya kila siku, niyamalize. Kazi ya nyumbani itakuwepo karibu kila kipindi: ifanye siku ile ile, kabla somo halijapoa. Kikokotoo mtaruhusiwa kwenye baadhi ya kazi na kwenye nyingine hapana, mwalimu wako atasema. Andika njia yote, kwa sababu mara nyingi alama hugawanywa kwa hatua, na aliyekosa kutoa mwishoni lakini njia yake ni safi hupata nyingi kuliko mnavyodhani. Usifute kosa. Lipige mstari mmoja uendelee chini yake, ili ukirudi ulione lilipoanzia. Na jaribio la kwanza likija vibaya, wazazi, naomba msiite kikao cha ukoo.

Wazazi wangu, nina ombi moja tu kwenu, na nalitoa kwa heshima. Ile kauli ya "hata mimi hesabu zilinishinda" naomba iishe majumbani. Najua mnaisema kwa huruma. Mtoto anachosikia ni kwamba ameruhusiwa kuacha. Semeni alichokisema Hamilton: bado. "Sijui, mwanangu. Nionyeshe ulipofika."

Haya, muda wangu umeisha na mwenyekiti ananitazama. Wanangu, kipindi chetu cha kwanza hakuna kunakili matini. Mje na penseli, rula, na hili swali mkiwa mmelihangaikia. Chukueni namba tatu zinazofuatana, zozote: 4, 5, 6, au 20, 21, 22. Zijumlisheni. Jumla inagawanyika kwa 3 siku zote. Mlioko nyuma mnatikisa vichwa kwamba ni kweli, mmeshajaribu mbili tatu. Mnajua nitakachouliza. Mkilimaliza, jaribuni namba nne zinazofuatana mgawanye kwa 4, mje mnieleze imekuwaje. Wazazi nao wanaruhusiwa. Asanteni sana.